Jina la Mavyaa

Raskazone, Tanga
Alhamisi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lile limeacha ukaidi wake na linakuruhusu kuteremka hadi kwenye hiliki zako. Wajukuu wako hawajambo. Mkubwa yuko shule, na mdogo bado anauliza lini utamfundisha kuzianika bila kuziunguza juani. Huku pwani joto limekataa kuondoka. Nijulishe kama mvua za vuli zimekwisha fika huko Amani, na kama paa la jikoni lilizibwa vizuri au fundi alikula chakula chako akaondoka. Mimi nipo. Sitaandika kwamba ni salama, kwa kuwa ulinifundisha kutoandika nisichoweza kukithibitisha.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia ilhali simu ninayo nawe unayo. Simu ya huko inakulazimu upande hadi kwenye jiwe la shule kutafuta mtandao, na pale ukisema haloo kijiji kizima kinaitika. Jambo hili linataka ulishike mkononi, ulisome, ulale nalo, kisha ulisome tena. Nimempa barua Idarusi, dereva anayepandisha bidhaa za duka la kijijini, na nimemwapisha asimkabidhi mtu mwingine yeyote.

Nitalieleza kwa mpangilio, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, na kwa sababu nikianzia mwisho sitaweza kuendelea. Ila usije ukababaika njiani, kiini chake ni hiki: kuna mama mmoja wa Pongwe ameondolewa watoto wake wawili, nami nilikuwapo, tena kwenye kiti cha mbele. Jumatatu ijayo mahakama ya watoto itaamua kama watarudi kwake au watalelewa makaoni hadi wawe watu wazima. Nahitaji msaada wako, na msaada wenyewe ni mzito.

Nilipopanda kwako wakati wa Pasaka uliniuliza kazi ya ustawi wa jamii hasa ni ipi, nami nikakujibu kwa maneno mengi hadi ukasinzia. Sasa nina jibu fupi. Kwa miaka hii kazi yangu imekuwa kuwaketisha pamoja watu wanaosaidia familia zilezile bila kujuana. Katika ua mmoja wa Pongwe anaweza kupita mhudumu wa afya, mwinjilisti wa kanisa, mtu wa kamati ya msikiti, mwalimu, askari wa dawati la watoto na mtendaji. Kila mmoja huja siku yake, hukalia kigoda kilekile na huanza na swali lilelile: mumeo alifariki kwa nini? Mjane mmoja aliniambia kwamba yeye alimzika mumewe mara moja, lakini sisi tunamzikisha kila wiki. Maneno hayo yalinikaa rohoni. Niliapa kwamba tutajifunza kwenda pamoja, kuuliza mara moja, na kila mmoja kujua mwenzake ametoa nini na ameacha nini.

Haikuwa kazi nyepesi. Kwanza waligombania mahali. Kanisani kamati ya msikiti haikuwa radhi, madrasani kanisa halikuwa radhi, na ofisi ya mtendaji ilivuja. Mwishowe mwalimu mkuu alitupa darasa la chekechea, nasi tukawa tunaketi kwenye viti vya watoto, magoti yakitugusa kidevu. Ustadh Khatib, Mpemba mfanyabiashara wa mchele anayeongoza kamati ya msikiti, alisema kwamba mtu aliyekalia kiti kile hawezi kujivuna hata akiwa waziri. Mwinjilisti Wilfred, ambaye ni mrefu kama mnazi na ana sauti ya ibada hata anapoomba chumvi, alimjibu kwamba kwa Mpemba kiti kile ni saizi yake, asijitie mnyenyekevu. Walicheka mpaka yule askari wa dawati, ambaye huwa hacheki, akafunika uso kwa kofia. Siku ile, Mama, niliamini kwamba nimefaulu.

Niliwapa kanuni, nao wakaipigia makofi. Nilisema kwamba kwa muda mrefu tumezoea kuzisemea familia hizi: mjumbe anamsemea mjane, jirani anamsemea jirani, shemeji anamsemea mke wa marehemu, na mwisho wake msaada unakwenda kwa mwenye msemaji hodari. Kuanzia sasa mwenye shida atasema mwenyewe, kwa kinywa chake, na asisemewe na mtu. Niliitafakari kanuni hiyo kwa miezi. Niliiona haina ufa. Ikumbuke, kwa kuwa yaliyofuata yote yamepita ndani yake.

Yule mama anaitwa Mwanatumu. Ni Mbondei wa upande wa Muheza, alilelewa na bibi yake ambaye sasa ni marehemu, na anaponda kokoto kwenye machimbo ya Pongwe. Mumewe, Noa, alikuwa mtoto wa vibarua wa mkonge waliotoka Njombe zamani, Walutheri. Aliugua kifua akafariki mwaka juzi, na ndugu zake waliobaki wamerudi kwao Nyanda za Juu. Ameachiwa watoto wawili. Msichana yuko darasa la pili na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaowapigisha watoto kelele kwa maumivu ya mifupa. Mdogo wake wa kiume, Tahiri, alizaliwa baba yake akiwa amekwisha zikwa.

Mwanatumu aliolewa akiwa Mwislamu na akabaki Mwislamu, naye Noa akabaki na kanisa lake, na kwetu sisi jambo hilo si habari ya kumwamsha mtu usingizini. Msichana alipozaliwa, upande wa baba ulimpa jina na kumbatiza: Yudith. Upande wa mama ulimpa jina vilevile: Saleha. Kila upande ukamwita kwa jina lake, na mtoto akaitika kote. Noa alipofariki, kanisa likaendelea kumlea Yudith: sare, madaftari, unga wa mwezi. Kamati ya msikiti ikamchukua Saleha: kliniki, dawa, nauli ya Bombo anapozidiwa. Kanisa hupita Jumamosi na msikiti hupita Alhamisi. Mwinjilisti Wilfred alihamishiwa Pongwe bibi mzaa baba wa mtoto akiwa amekwisha fariki, hivyo hakuijua asili ya jina. Wala hakuna aliyemficha mwenzake. Hawakuwa wamekutana kwenye ua ule, basi.

Kisha nikawakutanisha.

Ziara ya pamoja ya kwanza niliipanga mwenyewe. Tulifika asubuhi, kundi zima, Mwanatumu akatutandikia mkeka na kutuazimia vigoda kwa majirani. Alikuwa na vumbi jeupe la mawe hadi kwenye kope. Mtoto akatoka ndani na kata ya maji. Alimwona Mwinjilisti Wilfred kwanza, akachangamka, akamwambia Bwana Yesu asifiwe kama alivyofundishwa. Hapo hapo Ustadh Khatib akaingia uani, akiwa amechelewa kwa sababu ya pancha, akamwita Saleha mwanangu, mbona leo hujaniamkia. Mwinjilisti naye alikuwa anamwita Yudith amletee maji. Mtoto alimtazama huyu, akamtazama yule. Akaiweka kata chini katikati ya ua, akasimama kando yake.

Aliyeanza kucheka ni mtendaji. Alisema kumbe huyu mtoto ana dini ya zamu, asubuhi Mlutheri na jioni Mwislamu, na Ijumaa je, anapumzika? Wengine wakacheka naye. Kisha kicheko kikaisha, na nikaona kila mmoja anapiga hesabu ya alichotoa, akimtazama mwenzake kama mtu aliyekuta koti lake limevaliwa na jirani.

Askari wa dawati akaanza kuuliza. Sikumzuia, ndiyo ilikuwa zamu yake. Alimwuliza Mwanatumu jina la mtoto, akajibu Saleha. Akamwuliza kama ana jina jingine, akajibu analo. Akamwambia alitaje. Mwanatumu akanyamaza. Akaulizwa tena, akasema hawezi. Hawezi kwa nini? Hawezi tu. Mtendaji akasema mtu asiyeweza kutaja jina la mtoto aliyemzaa basi jina hilo si la mtoto huyo, ni jina la unga. Mwinjilisti Wilfred, kwa sauti iliyovunjika, alimsihi aseme tu ukweli, kwamba kanisa halina kisasi. Ustadh Khatib alikuwa anazungusha tasbihi yake haraka kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Alipoulizwa kwa nini hakuwaambia msikiti habari za kanisa wala kanisa habari za msikiti, Mwanatumu alijibu kwamba kila mmoja alimwuliza lake, naye alimjibu lake. Jibu hilo ni la kweli neno kwa neno, na ndilo lililomwangamiza.

Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama kwa muda, ncha ya kanga ameizungushia kidole gumba, midomo ameibana. Nami nikamwambia kwa upole, kwa sauti ile ninayoijua kuwa ni nzuri, asiogope, aseme mwenyewe.

Akainamisha uso.

Tulirudi darasani, tukakalia vile viti vidogo. Mama, watu hawa waliokuwa wakibishana kutwa kuhusu nani anunue chaki walikubaliana kabla chai haijapoa. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na hata mmoja aliyepinga. Walisema mama ni mwongo, na mama mwongo hawezi kukabidhiwa mtoto mgonjwa. Misaada yote isimame mpaka uchunguzi ukamilike, na kwa kuwa ikisimama watoto watakosa chakula na dawa, basi watoto wahamishiwe makaoni. Tazama jinsi hoja inavyojizunguka: sisi tunaondoa msaada, kisha kwa sababu hakuna msaada tunawaondoa watoto. Katika karatasi ya mwanafunzi ningeizungushia kalamu nyekundu. Pale niliitia saini kama mwenyekiti.

Nisiwe mnyimivu wa haki kwa upande wowote. Sisemi kwamba Mwanatumu hakujua kuwa ukimya wake ulikuwa na faida. Alijua. Lakini nimelipima jambo hili kila namna: unga wa kanisa haukumfikisha mtoto hospitali, na dawa za msikiti hazikumvalisha sare. Mmoja alikuwa amemshika mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, na mtoto alikuwa anatembea. Ushirikiano niliokuwa nauhubiri ulikuwapo tayari kwenye ua ule. Aliyeujenga ni mama mponda kokoto, peke yake, bila kikao. Sisi tulikwenda pale tukauvunja, huku tukiuimba ushirikiano.

Makao yenyewe ni nyumba ya kizamani yenye baraza pana, si mbali na ninapokaa. Ni pasafi, na walezi wake si watu wabaya. Mtoto alipokelewa kwa jina la Yudith kwa sababu ndilo la shuleni. Maumivu yalipomshika, walezi wakaenda hospitali wakaulizia habari za Yudith, wakaambiwa mtoto huyo hajulikani pale. Kule anajulikana Saleha. Akatibiwa kama mgeni, kwa kubahatisha, huku akilia hadi sauti ikakauka. Ustadh Khatib alipata habari kwa muuza mihogo, akapanda bajaji na kadi ya kliniki mkononi, akaingia wodini na viatu viwili tofauti. Mtoto alipona, kama neno hilo linatosha. Ila tangu arudi, hamwitiki mtu. Wakimwita Yudith hageuki, wakimwita Saleha hageuki. Mlezi aliniambia kwamba sasa wanamwita mtoto tu, na kwa hilo huinua macho.

Mwanatumu haruhusiwi kuingia mpaka mahakama iseme. Kila siku huacha nyundo yake Pongwe, akaja kuketi ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa nyumba iliyofungwa. Haombi chochote, wala hasumbui; mlinzi humpa maji. Tahiri akilia ndani, yeye nje husimama. Akinyamaza, huketi. Mimi hupita pale nikienda kazini na nikirudi. Mara ya kwanza nilimsalimu, akaniitikia kwa adabu zote, Mama, akaniambia salama na kunipa pole, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwepa.

Nilijua. Mwanatumu aliponitazama, kabla hajainamisha uso, nilikwisha jua. Kidole kile kilichozungushiwa kanga nimekiona utoto wangu wote, ni chako. Yudith ni jina la mavyaa wake, mama mzaa Noa. Mtoto alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na mke hatamki jina la mavyaa, awe hai au amezikwa, hata kama jina hilo linatembea uani na lazima liitwe lije kula. Tena mwenye mwiko hajielezi, kwa kuwa kujieleza ni nusu ya kutaja. Husemewa. Mtu mwingine yeyote, awe wifi, jirani au mpita njia, hutaja kwa niaba yake, na jambo huishia hapo. Ndicho alichokuwa ananiomba. Alinisikia ninavyotamka, akanijua kwetu ni wapi, akaniomba nifanye kile ambacho hata mtoto wa jirani angekifanya bila kufikiri: nimsemee. Nami nikamwambia aseme mwenyewe.

Kwa nini? Nimejiuliza kama ninavyowauliza wengine, bila kujihurumia. Kanuni ilikuwa yangu, na sikutaka kuivunja mbele ya watu siku ya kwanza ya kuitumia. Hiyo ni sababu, lakini si yote. Iliyobaki ni kwamba wangeniuliza nimejuaje, na ningelazimika kusema: kwa sababu mama yangu hajawahi kuniita kwa jina ninaloitwa ofisini, jina la mavyaa wake. Jina hilo silitaji hata humu, kwa kuwa najua wewe husoma kwa kutamka. Unakumbuka siku uliponipeleka kuanza shule, mwalimu alipokuuliza naitwa nani? Uligeuka ukamtazama mwanamke aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni, hukumjua wala hakukujua, naye akaniuliza mimi kwa kuninong'oneza, kisha akakusemea. Kwenye vikao vya wazazi ulipoitwa mama fulani ulinyoosha mkono tu. Watoto walidhani wewe ni bubu. Nilipigana nao.

Na kisha wangeuliza lile la pili. Masista walinilea bwenini kwa jina la upande wa baba: viatu, ada, godoro. Na maalim wa Muheza alinilea likizo kwa jina lako: nguo za Idi, na ile hospitali nilipovunjika mkono. Masista hawakujua habari za maalim, maalim hakujua habari za masista. Ulinifundisha tu niitike ninapoitwa. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Nimekaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi nikiamua nani ni mwongo, na elimu ninayoamulia niliipata kama vile mtoto wa Mwanatumu alivyopata sare na dawa.

Usinielewe vibaya. Swali la kama ulikuwa mwongo nimeliuliza, kwa sababu mtu asiyemwuliza mamaye hana haki ya kumwuliza mama wa mwingine. Jibu langu ni hapana. Ulikuwa na mtoto mmoja na pande mbili, kila upande ukitoa nusu, nawe ukahakikisha nusu hizo zinakutana kwenye mwili mmoja. Sijui neno la kisheria la jambo hilo. Nimelitafuta sana.

Jumanne niliwaita Ustadh Khatib na Mwinjilisti Wilfred nikawaeleza yote, na yangu mwenyewe ndani yake. Mwinjilisti alisema kwamba amemwombea yule mama atubu, na sasa hajui ile sala airudisheje. Ustadh Khatib alinitazama akaniuliza, na wewe siku ile ulikuwa wapi, dada yangu? Nikamwambia nilikuwa pale pale. Akasema ndiyo maana anauliza. Wote wawili wameahidi kusimama mahakamani na kusema kwamba hawana dai lolote dhidi ya Mwanatumu, na kwamba watagawana malezi ya mtoto wakijuana. Nimejiuzulu uenyekiti. Mkuu wangu amenionya kwamba huenda nisiishie hapo.

Lakini hayo hayatoshi. Wakili wa serikali amekwisha sema kwamba mwiko wa mavyaa ni hadithi ya vijijini, kwamba leo hakuna anayeushika, na kwamba mimi natetea kosa langu mwenyewe. Mzee yeyote wa Muheza nikimleta atasema mila ipo, nao watasema ilikuwapo. Ndugu wa Noa hawapatikani. Bibi yake Mwanatumu hayupo. Anatakiwa mwanamke aliyeushika mwiko huu maisha yake yote, hata ulipomgharimu, hata alipodhaniwa bubu. Mwanamke aliyelea mtoto mmoja kwa majina mawili na pande mbili, na ambaye hakuna mtu Muheza wala Amani awezaye kumwita mwizi. Ninamjua mmoja tu.

Najua ninachokuomba. Umekaa na siri hii tangu nikiwa mdogo. Wanawake wa huko juu wanakutanguliza kwenye dua, na yule sista mzee bado yu hai na hukutumia salamu kila Krismasi. Nawe utasimama mbele ya wageni, mwanao yuko upande mmoja, na kuwaambia ulichofanya. Nisingekuomba kwa ajili yangu. Nakuomba kwa sababu nisipokupata, Jumatatu mtoto wa watu atapewa jina moja na sheria, na mama yake ataendelea kuketi ukutani mpaka atakapochoka, nami nitaendelea kupita. Wala usiwe na hofu ya kutamka. Nimekwisha sema na hakimu kupitia karani: hutaombwa kulitaja jina. Wakiliuliza, nitakusemea mimi. Hilo angalau nimejifunza, ingawa nimejifunzia kwa watoto wa mwingine.

Ukiona huwezi, usinijibu kwa simu. Usije tu, nami nitaelewa, na mapenzi yangu kwako hayatapungua hata chembe.

Wasalimie jirani zako wote, hasa Bi Tabia. Mwambie dawa ya macho nimeipata, Idarusi anayo kwenye mfuko wa kaki pamoja na sukari yako. Mkwe wako anakuamkia, na watoto wanakuamkia. Goti ulikande kwa maji ya moto, usilikande kwa ubishi. Mungu akuhifadhi kwa pande zote mbili anakoombwa kwa ajili yako.

Jumapili mchana nitakuwa kituoni Pongwe kila gari la kutoka Muheza linapoingia. Pana kelele nyingi pale, wapiga debe na pikipiki, na huenda nisikuone mara moja kwenye umati. Ukishuka, niite kwa jina unaloliweza. Nitaitika.

Mimi mwanao,
Rahila